Mapepo ya Foleni: Mhadhara wa Gataka Kuhusu Urefu wa Mũrogi wa Kagogo

 Barua yenu ya mwaliko ilikuwa fupi. Ilisema kikundi cha usomaji cha hapa Gataka kimegawanyika kwa sababu ya kitabu kimoja, kwamba wako wawili ambao siku hizi husalimiana kwa kutikisa kichwa tu, na kwamba mnaomba mtu wa nje aje awaamulie. Kuamua siwezi. Nimekuja kuwachochea kidogo, kisha nishike njia kabla barabara ya Magadi haijajaa.

Kitabu chenyewe ni Mũrogi wa Kagogo cha Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka Mei 2025 akiwa na umri wa miaka 87. Kwa walioletwa hapa na marafiki, au na harufu ya chai inayotoka kule nyuma, nitaeleza kwa ufupi. Ngũgĩ alianza kukiandika mwaka 1997 akiwa uhamishoni Marekani, na alikiandika kwa Kigĩkũyũ. East African Educational Publishers, nyumba ya uchapishaji ya marehemu Henry Chakava, ilianza kukitoa Nairobi mwaka 2004, nayo haikukitoa kizima bali kwa mafungu, hili leo na lile baadaye. Mwaka 2006 kikatoka kwa Kiingereza kwa jina la Wizard of the Crow, tafsiri ya mwandishi mwenyewe, safari hii yote yakiwa yamefungwa katika jalada moja la kurasa zaidi ya 760. Ndani mna vitabu sita, na kila kimoja kimepewa mapepo yake: ya madaraka, ya foleni, ya kike, ya kiume, ya uasi, na mwishoni kabisa mapepo yenye ndevu.

Nchi ya hadithi inaitwa Aburĩria. Mtawala wake amekaa kitini hadi watu wamesahau alianza lini. Mawaziri wanashindana kumpendeza: Machokali amekwenda Ulaya kupasuliwa ili macho yake yapanuke na kuwaona maadui wa Mtawala popote walipojificha, na Sikiokuu, asikubali kuachwa nyuma, amekwenda kurefushwa masikio. Siku ya kuzaliwa kwa Mtawala wanamtunukia mradi wa jengo litakalofika mbinguni, fedha zikaombwe Benki ya Ulimwengu. Wakati huo kijana mmoja msomi, Kamĩtĩ, mwenye shahada za India na mifuko mitupu, anakimbizwa na polisi usiku pamoja na msichana aitwaye Nyawĩra. Ili kuwatisha wanaowafuata, anatundika mlangoni kifurushi cha uchawi na tangazo kwamba hapa anakaa mtu ambaye nguvu zake huangusha kunguru kutoka angani. Polisi anatoroka. Baadaye anarudi, na hakuja kukamata mtu. Amekuja kuomba dawa. Uongo wa usiku mmoja unakuwa kazi, kazi inavuta wateja, wateja wanaleta wakubwa, mpaka mchawi wa kubuni anaitwa New York kumtibu Mtawala, ambaye mwili wake umeanza kuvimba na haukomi.

Hapa Gataka tangazo la namna ile lisingemshtua mtu. Nguzo ya umeme niliyoipita nikija ina karatasi mbili, moja ya mganga wa mapenzi na biashara, na chini yake nyingine ya ploti za hamsini kwa mia, hati iko tayari. Katika kitabu hiki kuna tajiri mmoja, Tajirika, mtu wa ujenzi na ploti. Kama angekuwa hai na ningetumwa kumtafuta, ningeanzia hapo jirani, Rongai.

Kabla ya kuja niliwapigia simu watu wa kila upande. Waliochoka wanasema kitabu kinazunguka palepale. Mama mmoja aliniambia alikiweka chini karibu na Krismasi Mtawala akiwa anavimba, akakishika tena baada ya Pasaka, akamkuta bado anavimba. Kijana mmoja wa chuo alikuwa na swali zito zaidi. Tajirika anakamatwa, anahojiwa juu ya mambo ambayo sisi wasomaji tumekwisha kuyaona kwa macho yetu wenyewe. Kuna haja gani ya kumsikiliza akiyasimulia upya, tena kwa kuyapotosha? Upande wa pili wanasema wangeongezewa kurasa mia wasingelalamika. Mzee mmoja wa upande huo aliniambia waliochoka ni watu wa simu, vichwa vyao vimekatwakatwa na video za dakika moja. Mzee wangu, nakuheshimu, lakini kumtukana mtu si kumjibu.

Ugomvi wenyewe si wa Gataka peke yake. Mwaka 2003 ulikuwa mwaka wa vitabu vinene vya kimaajabu. Januari, Mmarekani Robert Jordan alitoa kitabu cha kumi cha mfululizo wake wa Wheel of Time, na wasomaji waliomfuata tangu 1990 wakapasuka. Wengine walilia kwamba wamepitia mamia ya kurasa na hakuna aliyefika popote. Wengine wakasema wao hawana haraka, wanafurahia kukaa na watu wanaowajua. Juni kikatoka kitabu cha tano cha Harry Potter, kirefu kuliko vyote saba, kurasa 766 kwa chapa ya Uingereza, na wasomaji wakagombana iwapo kijana yule ananuna kupita kiasi au ana haki ya kununa. Wengi wenu, vijana mliokosa viti mkakaa madirishani, mlikimeza kitabu hicho mkiwa shule ya msingi, na hamkufa. Kwa hiyo idadi ya kurasa peke yake tuiweke kando. Kile cha Ngũgĩ kilipofika Marekani nacho kilipokewa kwa sura mbili. Wako waliokiita kilele cha kazi yake. John Updike, mwandishi mkubwa wa kwao, alikihakiki katika jarida la The New Yorker mwaka 2006 na hakuridhika. Aliona uchungu na hasira vimekizidi.

Sasa hoja yangu. Ninaamini pande zenu mbili hazikusoma kitabu kimoja.

Nilipouliza nani alisoma nini, na wapi, majibu yalijipanga bila mimi kuyasukuma. Karibu wote waliochoka walisoma lile jalada moja la Kiingereza, kila mtu peke yake na kimya, ndani ya matatu ya njia namba 125, au kitandani baada ya watoto kulala. Karibu wote wanaotaka zaidi hawakukisoma kabisa. Walikisikia. Ninyi wenyeji mnajua ninachosema, lakini nieleze kwa ajili ya wageni. Jumapili jioni, kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Gataka, mwenye duka huketi juu ya mifuko ya simiti na kusoma kwa Kigĩkũyũ kutoka katika yale mafungu ya kwanza. Mwalimu mmoja hufasiri kwa Kiswahili papo hapo, kwa ajili ya Wamaasai, Wakamba, Waluo na Wakisii walioko kwenye benchi. Hawaendi mbali. Kurasa chache, kisha mabishano, kisha kila mtu anashika njia ya kwake na maswali ya wiki nzima.

Ngũgĩ alijua kusomwa kwa namna hii. Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya yake ya kwanza ya Kigĩkũyũ, aliiandika mwaka 1978 akiwa kizuizini Kamiti, kwenye karatasi za chooni, na ilipotoka mwaka 1980 ilibidi ichapwe tena mwaka huohuo. Yeye mwenyewe ameeleza jinsi watu walivyoipokea. Familia zilikusanyika jioni zikimsikiliza mmoja anayejua kusoma. Wafanyakazi waliisoma saa ya chakula cha mchana. Ilisomwa kwenye matatu, ilisomwa kwenye baa, na huko baa wakatokea wasomaji stadi ambao wakifika mahali patamu hutazama glasi, wakiikuta imekauka hunyamaza, na hakuna aliyejua habari zinazofuata mpaka mtu anunue nyingine. Mwandishi aliyepata habari kama hizo juu ya kitabu chake hawezi tena kuandika kama anayemnong'oneza mtu mmoja chumbani. Alipokaa kuandika Mũrogi alikuwa amekwisha kuishi ugenini zaidi ya miaka kumi, polisi walikwisha kukusanya nakala za Matigari madukani mwaka 1987, na sioni ajabu kwamba alikiandika kama mtu anayejitengenezea baraza aliyonyang'anywa.

Na sisi watu wa Kiswahili tusijifanye wageni wa mambo haya. Utenzi wa Herekali wa Mwengo wa Athumani, uliotungwa Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,000. Utenzi wa Ras'l Ghuli wa Mgeni bin Faqihi una zaidi ya 4,000, vita juu ya vita na miujiza juu ya miujiza. Shaaban Robert, katika karne ya redio, alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru wa beti 3,000. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyetarajiwa kukaa peke yake na Ras'l Ghuli na kuumaliza kimya. Tenzi zilisomwa kwa sauti, mbele za watu. Aliyesinzia alisinzia, akizinduka akakuta mapigano yanaendelea, akamuuliza jirani yake na kuendelea kusikiliza. Kwa hiyo yule mama wa Krismasi na Pasaka, ambaye alinieleza kisa chake kwa aibu kidogo, nadhani ndiye aliyesoma sawasawa kuliko sisi sote.

Niwaonyeshe mfano mmoja kwa karibu. Tajirika anateuliwa mwenyekiti wa kamati ya ule mradi wa jengo la mbinguni. Kabla hata tofali moja halijawekwa, wenye kutafuta zabuni wanapanga foleni ofisini kwake, kila mmoja na bahasha, na fedha zinajaa magunia. Usiku anasimama mbele ya kioo, na neno moja la kutamani linamkwama kooni. Hawezi kusema lingine. Mkewe Vinjinia anampeleka kwa mchawi, na mchawi anamvuta polepole mpaka sentensi inatoka nzima: laiti ngozi yake ingekuwa nyeupe. Kwa macho, kurasa hizo zinachosha, nakubali. Neno ni lilelile, mstari baada ya mstari, na jicho linaruka kutafuta aya inayofuata.

Juzi nilikaa kwenye benchi lenu. Mwenye duka alipofika hapo aliweka kitabu magotini, akashika koo kwa mikono miwili, akalirudia lile neno kama pikipiki inayokataa kuwaka. Mtoto aliyetumwa misumari alisahau misumari. Mwalimu hakuwa na kazi, kwa maana hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Watu walicheka mpaka mteja mmoja aliyekuwa nje akaingia kuuliza kuna nini. Kisha msomaji akaitoa ile sentensi nzima, kwa sauti ya chini, na kicheko kikakatika vibaya. Nusu ya watu pale wana binamu, au dada, au wao wenyewe, wanaojua bei ya krimu za kung'arisha uso. Mabishano yaliyofuata yalihusu krimu. Yalikuwa makali, na sikusikia hata mmoja akilalamika kwamba sehemu ile ni ndefu.

Hapo pia ndipo jibu la yule kijana wa chuo lilipo, kwa kiasi fulani. Sehemu kubwa ya Mũrogi inasimuliwa na watu wanaosimulia walichosikia. Yuko polisi Arigaigai Gathere, yuleyule aliyerudi kuomba dawa, ambaye kila akikaa na watu anazianza habari za mchawi upya, akiapa haki ya Mungu, na kila mara ameongeza chumvi. Kitabu kinafunguka kwa uvumi: ugonjwa wa Mtawala una sababu tano, na kila sababu ina wafuasi wake mitaani. Katika nchi ambayo gazeti husema Mtawala alipokula na alipolala tu, uvumi ndio gazeti. Tajirika anaposimulia kwa wapelelezi mambo tuliyoyaona, tusimsikilize kwa ajili ya habari. Tusikilize anachokificha, anachokizidisha, na jinsi mpelelezi anavyoandika kitu cha tatu kabisa. Msikilizaji wa baraza hufanya hivyo bila kufundishwa, kwa sababu hata kisa cha ng'ombe aliyepotea Kajiado huwa amekwisha kukisikia kwa watu wanne, na anamsikiliza wa tano ili ajue wa kwanza alidanganya wapi.

Kisha kuna foleni. Kitabu cha pili kimejaa foleni, na watu wengi hukwama humo. Foleni ya wenye bahasha inakutana na foleni ya wasio na kazi, waliosikia kwamba mradi utaajiri. Mikia inarefuka, inapinda kona, inaingia mitaa mingine. Wanaojiunga nyuma hawajui wanapangia nini, lakini kwa kuwa wengine wamepanga lazima kuna kitu. Serikali kwanza inafurahi, kisha inaogopa, kisha inaunda tume. Mnacheka. Lakini wazee walioko humu wanakumbuka uchaguzi wa 1988, tulipopiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya picha ya mgombea, na mstari mfupi ukatangazwa umeshinda mchana kweupe. (Kwa vijana, Mlolongo ni steji kule Mombasa Road mkienda Kitengela. Kwa baba zenu, mlolongo ulikuwa hivyo.) Na wanakumbuka mwaka uliofuata, 1989, chama tawala kilipotaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, kwa fedha za kukopa ng'ambo, na Wangari Maathai akapiga kelele mpaka wakopeshaji wakajitoa. Katika riwaya, wakati wajumbe wa Benki ya Ulimwengu wamekuja kukagua uwanja wa mradi, akina mama wanacheza ngoma, kisha wanamgeuzia Mtawala mgongo na kupandisha nguo. Machi 1992 polisi walipowavamia akina mama wa wafungwa wa kisiasa kwenye bustani hiyohiyo, baadhi yao walivua nguo mbele yao. Ngũgĩ hakuwa na haja ya kubuni mengi.

Ndiyo maana vijana wawili watatu wameniambia kitabu hiki si cha kimaajabu hata kidogo, ni siasa iliyovaa barakoa, na wao wanapenda majoka. Mimi nasema mtu akivimba mpaka anagusa dari, hayo ni maajabu, hata kama unamjua aliyevimba.

Foleni zile, basi, zimeandikwa ndefu kwa sababu kupanga foleni ni kirefu. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuchukua kitambulisho, anayengoja gari la maji hapa Gataka wakati wa kiangazi, anayekaa saa mbili Rongai kusubiri lori moja ligeuze, hahitaji kuelezwa kwamba kumngojesha mtu ni namna ya kumtawala. Mwandishi angeweza kusema hivyo kwa aya moja, nasi tungekubali, tukapita. Badala yake ametupanga na sisi. Nadhani ni ujanja wa makusudi, na nadhani amefaulu.

Msidhani nimekuja kuwabeba walioridhika. Kuna mahali ambapo hata sauti iwe nzuri kiasi gani haikiokoi kitabu, na hapo niko na waliochoka.

Nyawĩra hakosei. Ndilo tatizo langu kubwa. Anajificha, anabadilisha sura, anaongoza harakati, anafundisha, anapenda, na katika kurasa zote hizo sikumbuki siku aliyochoka, aliyomwonea mtu wivu, au aliyotoa amri mbaya. Kila anapoingia, hadithi inatandikiwa mkeka, inaketi chini na kuhutubiwa. Tajirika ni mwizi, mwoga na mwenye mkono mwepesi kwa mkewe, na ninamfuata popote aendako. Anapoburutwa mbele ya mahakama ya akina mama kujibu kuhusu ule mkono, nacheka na kuogopa kwa pamoja. Nyawĩra ninamkubali, kisha nafungua ukurasa unaofuata kumtafuta Tajirika. Ukimwandika mtu bila dosari, hata kurasa kumi zake ni nyingi.

Safari ya Marekani nayo imenyooshwa kupita nguvu zake. Madaktari wanampima Mtawala, wanaubatiza ugonjwa wake jina refu la kitaalamu, wanagombania nani ataandika kuuhusu. Mzaha ni mzuri, lakini ni mmoja, na umepewa chumba cha mizaha mitatu. Pengine ndipo hasira aliyoiona Updike inapoonekana bila nguo. Kule Eldares, mji mkuu wa Aburĩria, hasira ina watu wa kuivaa, kina Vinjinia, kina Gathere. New York imebaki na hoteli, kitanda na mtu anayevimba.

Halafu mafungu yenyewe yana gharama yake. Mtu anayeuza hadithi kwa vipande hana budi kumkumbusha mnunuzi yaliyopita, maana miezi imepita, na pengine kipande cha kwanza kimeazimwa na jirani asiyerudisha. Makumbusho hayo, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, yanafaa sana; kila Jumapili kuna mtu mpya kwenye benchi. Yakishafungwa pamoja katika jalada moja yanabaki pale yakimwambia msomaji jambo aliloambiwa jana usiku. Ningekuwa mhariri wa toleo lile la 2006 ningekata. Ngũgĩ alijitafsiri mwenyewe, na mtu akijitafsiri mwenyewe hakuna wa kumshika mkono.

Nimebakiza upande wa tatu, ambao haumo katika barua yenu. Ni mzee mmoja aliyestaafu, aliyenipigia yeye mwenyewe, wala hakuwa amechoka. Alisema kitabu kilichelewa. Rais Moi aliondoka madarakani Desemba 2002. Fungu la kwanza lilitoka 2004, Kenya ikiwa bado na harufu ya rangi mpya. Ngũgĩ alirudi nyumbani Julai mwaka huo baada ya miaka 22, watu wakampokea uwanja wa ndege kwa nyimbo, na siku chache baadaye, Agosti, yeye na mkewe Njeeri wakavamiwa na kuumizwa usiku katika makao yao Nairobi. Nchi nzima ilizungumza juu ya hilo, na kitabu kikawa habari ndogo chini ya habari kubwa. Sasa, akasema mzee, kurasa mia saba za kumcheka mtu aliyekwisha kwenda shambani Kabarak za nini? Ni habari za jana.

Hoja hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ni kweli kwa nusu ya kwanza. Anayeweka kitabu chini katikati ana haki ya kufikiri kwamba kinamhusu Moi, na kwamba kinamhusu kwa kirefu. Lakini Mtawala hafiki mwisho wa kitabu. Anavimba, analipuka, anaibuka na kutangaza vyama vingi kana kwamba amevizaa yeye, kisha anapotea. Kitabu kifupi kingeishia hapo, tukapiga makofi. Hiki kinaendelea, na anayekalia kile kiti si Nyawĩra, si Kamĩtĩ, si wale waliopanga foleni. Ni Tajirika. Mtu wa bahasha na ploti, aliyetibiwa ugonjwa wake lakini hakuuacha, anajivika jina refu la kaisari wa Kirumi na kujiita mfalme mkuu. Waliochoka walioniambia kitabu hakina mwisho, wengi wao hawakufika hapo.

Wakati wasomaji wa Kigĩkũyũ walipokuwa wakinunua fungu la kwanza mwaka 2004, magazeti ya Nairobi yalikuwa yameanza kuandika habari za Anglo Leasing, mikataba hewa, mingine yake ikiwa imetiwa saini na kulipwa na serikali ileile tuliyoichagua ili ifagie. Mapema 2005 John Githongo, aliyepewa kazi ya kupambana na ufisadi, alijiuzulu akiwa London. Mzee wangu, Moi alikuwa amekwisha kuondoka. Walikuwemo wengine katika hayo, na baadhi yao walikuwa wamesimama nyuma kabisa katika foleni ya 1988, bahasha mfukoni, wakisubiri zamu.